Jibu Lililobaki Maabara

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani wa shule hii, 1992–1998, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika bwaloni. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Barua ya Katibu wa Chama iliniomba nizungumze juu ya "Kijana na Utumishi wa Umma." Nilikubali, na hotuba hiyo nimeiandika. Nakala anayo Katibu, na mwenye kuitaka ataisoma. Lakini tangu nilipoingia hapa jana jioni nimeona jambo. Wenzangu wawili watatu, baada ya kusalimiana nami, wamenitazama mdomo kisha wakatazamana. Mmoja alimnong'oneza mwenziwe kwamba nimepata kiharusi. Mwingine, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama huko ofisini hakuna mtu anayenionea kijicho. Na leo mchana, tulipokuwa tukila wali na maharage, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniletea karatasi laini nijifute, kwani shavu langu la kushoto lilikuwa likichuruzika jasho na la kulia limekauka kabisa.

Namshukuru sana kijana huyo. Basi, kwa idhini yako Ndugu Mwenyekiti, naomba niache mada niliyopewa nizungumze juu ya shavu hili na mdomo huu. Sikupata kiharusi, wala sikulogwa. Nilikuwa na saratani ya tezi ya mate, ambayo kwa muda wa mwaka mmoja na miezi saba iliitwa uvimbe wa maji. Nataka kuwaelezeni jinsi ilivyopewa jina lisilo lake, na sehemu yangu mimi mwenyewe katika kosa hilo.

Wenzangu wa mwaka 1993 watakumbuka perema ilivyoingia bweni letu. Tulivimba mashavu mmoja baada ya mwingine, tukapakwa masizi, tukachekana kwamba tumekuwa kama panya aliyebeba karanga mdomoni. Hatukujua wakati ule kwamba kilichovimba kilikuwa ni tezi za mate. Kila mtu ana tezi kubwa za namna hiyo jozi tatu. Jozi moja iko mbele na chini ya masikio, nayo huitwa parotidi. Ya pili iko chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna tezi ndogo ndogo kwa mamia zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavuni na kwenye kaakaa. Kazi yake ni kutoa mate, kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mtu hazikumbuki mpaka zinapoharibika.

Perema ni ugonjwa wa virusi, na huondoka wenyewe. Lakini tezi hizo hizo huweza kuota uvimbe. Katika parotidi, uvimbe upatao wanne kati ya watano si saratani. Chini ya taya, karibu nusu yake ni saratani, na katika tezi ndogo kabisa hatari huwa kubwa zaidi. Yaani kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo uvimbe wake unavyostahili kuogopwa. Kwa jumla ugonjwa huu ni adimu. Mwaka 2020 watu walioonekana kuwa na saratani za kila aina duniani walikadiriwa kuwa milioni 19.3, na wenye saratani ya tezi za mate walikuwa kiasi cha 53,000 tu. Hawafiki watatu katika kila elfu moja. Ni rahisi basi kuelewa kwa nini daktari mwenye foleni ndefu mlangoni haufikirii kwanza. Huanza na yale ayaonayo kila siku.

Mimi niliuona uvimbe wangu mwezi wa Januari 2018, Dodoma, nikinyoa ndevu asubuhi. Ulikuwa chini ya ndewe ya sikio la kushoto, nyuma kidogo ya pembe ya taya, mdogo kama punje ya kunde. Hauumi, hauwashi, na ukiubonyeza unateleza. Nilikuwa na umri wa miaka 41. Ofisini waliniambia ni mtoki. Mwezi wa pili ulikuwa umefika ukubwa wa zabibu, nikaenda hospitali moja ambayo sitaitaja, kwani nia yangu si kushtaki mtu.

Daktari aliniangalia kwa adabu na uangalifu. Akanipeleka kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, nacho kikaonyesha kifuko chenye maji na kuta laini. Akanieleza kwamba baadhi ya watu huzaliwa na vifuko shingoni vilivyobaki tangu mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, navyo hujaa maji baadaye na kujitokeza. Maelezo hayo ni ya kweli, vifuko hivyo vipo. Ila aghalabu hujitokeza kwa watoto na vijana. Mtu aliyevuka miaka 40 anapoota kifuko shingoni kwa mara ya kwanza, haifai kudhani kwamba ni kitu cha kuzaliwa nacho mpaka ithibitike. Hilo nililijua baadaye sana.

Akauchoma kwa sindano nyembamba, akavuta. Ukatoka ute mweupe, mzito kama ute wa yai, na uvimbe ukanywea pale pale. Nilifurahi kama mtu aliyelipwa malimbikizo ya mshahara. Ute ule ulipelekwa maabara, na baada ya siku chache nikapewa karatasi. Iliandikwa hivi: hazikuonekana seli za saratani, seli zilizopatikana ni chache mno kutoa uamuzi. Mimi nilisoma nusu ya kwanza ya sentensi, nikakunja karatasi, nikaenda zangu kazini.

Wadogo zangu, naomba mzingatie hapo. Saratani niliyokuwa nayo huitwa mukoepidemoidi, nayo ndiyo saratani inayoongoza katika tezi za mate. Tabia yake mojawapo, hasa ile isiyo kali, ni kutoa ute na kujitengenezea vifuko ndani yake. Sindano ikiingia kwenye kifuko hufyonza ute mtupu wenye seli chache, nazo seli zenyewe za ugonjwa zimebaki ukutani. Kwa hiyo "seli ni chache" haina maana ya "hakuna ugonjwa." Maana yake ni kwamba swali bado halijajibiwa. Sisi wa ofisini twaijua barua isemayo "barua yenu imepokelewa na inashughulikiwa." Hakuna karani aliyewahi kufunga jalada kwa barua ya namna hiyo. Mimi nililifunga la kwangu.

Ulipofika mwezi wa Juni uvimbe ulikuwa umejaa tena. Ukavutwa mara ya pili, ukarudi. Hatimaye mwezi wa Machi 2019 hospitali ile ile iliutoa kwa kisu, kama kifuko cha maji. Kazi haikuchukua hata saa moja. Nyama iliyotolewa ikatiwa katika chupa ya dawa, ikapelekwa maabara, nami nikapewa kadi iliyoandikwa: "Rudi baada ya wiki mbili kwa majibu."

Baada ya wiki mbili lilikuwa limeanza Bunge la Bajeti. Wenzangu mlioko serikalini mnajua maana yake. Tulikuwa tukitoka ofisini saa nne na saa tano za usiku. Kadi ilikuwa katika mfuko wa koti, na koti likaenda kutundikwa kabatini. Kidonda kilikuwa kimepona, uvimbe haukuwapo. Bima ya afya ninayo, hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka ofisini, na kwa hiyo siwezi kusingizia fedha wala umbali, kama anavyoweza kusema kwa haki ndugu yangu wa kijijini. Hospitali nayo haikuniita, ingawa namba yangu ya simu iliandikwa kwenye fomu yao.

Mwishoni mwa Agosti mke wangu alitoa makoti ayapeleke kwa dobi, akapekua mifuko. Akaja na kadi mkononi akaniuliza, "Baba watoto, majibu haya uliyachukua?"

Nikamjibu si kitu, yalikuwa maji tu.

Akasema, "Kama ni maji, si waandike basi kwamba ni maji."

Nilikwenda kesho yake, zaidi kwa kuogopa kuulizwa tena kuliko kwa kuogopa ugonjwa. Karani wa kumbukumbu alifungua droo, akatoa bunda la bahasha zilizofungwa kwa mpira, akaanza kupekua. Bunda lile lilikuwa nene kama tofali. Zote zilikuwa ni bahasha za watu ambao hawakurudi. Ya kwangu ilikuwa katikati. Ripoti ilikuwa imetiwa sahihi mwezi wa Aprili. Ilisema kwamba nyama iliyoletwa ni saratani ya tezi ya mate, ya ukali wa kati, na kwamba kingo za nyama hiyo si safi. Maana yake ni kwamba nyingine imebaki shingoni.

Naomba niseme jambo la kazi yangu hapa. Nilipoajiriwa, mkuu wangu wa kwanza aliniweka masijala miezi sita kabla hajaniruhusu kuandika hata barua moja. Alikuwa mzee mkali. Alinifundisha kwamba kila barua iliyotoka ikiuliza jambo hapana budi iandikiwe tarehe ya kufuatiliwa, na tarehe ikifika jalada lirudi mezani, jibu liwe limekuja au halijaja. Kwa miaka 17 nilikuwa nimewafundisha vijana wangu hivyo hivyo. Nilikuwa nimewapa barua za onyo kwa kuacha jibu la mtu mwingine likalala wiki tatu. La kwangu lililala miezi minne, nami najua mlango lilipo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi maradhi sikuyaficha, niliyaonyesha kwa madaktari. Nililokwepa ni jibu. Na nikijihoji kweli, si Bunge lililonizuia. Ningeweza kutuma dereva. Nilipenda jina la kwanza, uvimbe wa maji, na sikutaka mtu aniletee jingine.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Nilipigwa picha za shingo na kifua, na mwezi wa Oktoba nikapasuliwa mara ya pili, safari hii na daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Katikati ya parotidi hupita mshipa wa fahamu unaoendesha uso, nao hugawanyika humo matawi makubwa matano: la paji, la jicho, la shavu, la mdomo wa chini na la shingo. Kutoa tezi hiyo ni kazi ya kuufuata mshipa huo kidogo kidogo, kama mtu anayetoa nyasi bila kugusa waya. Lilipokuwapo kovu la upasuaji wa kwanza, kazi ikawa ngumu zaidi. Tawi la mdomo wa chini lilikuwa limeshikana na ugonjwa, ikabidi likatwe. Ndiyo maana nikicheka, mdomo wangu haushuki upande wa kushoto. Je, lingepona kama ningelichukua jibu mwezi wa Aprili? Nilimwuliza daktari mara moja tu. Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alinitazama, kisha akaendelea kuandika.

Kuanzia Desemba 2019 hadi Januari 2020 nilitibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni. Kwanza daktari wa meno alinikagua, kwa kuwa mionzi ya taya huharibu meno. Kisha nikatengenezewa barakoa ya plastiki yenye matundu, inayobana kichwa kisitikisike. Nilikwenda mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila mara. Mionzi yenyewe haiumi. Lakini wiki ya tatu mate yalikuwa yamekauka, chai ilikuwa na ladha ya karatasi, na ngozi ya shingo imekuwa nyeusi. Ladha imerudi. Mate yamerudi nusu. Ndiyo sababu mnaniona na chupa ya maji hata hapa jukwaani.

Na jasho la shavu? Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiiamuru tezi itoe mate ilikatwa tezi ilipotolewa. Ilipoota upya haikukuta tezi, ikajiunga na vinyweleo vya jasho vya ngozini. Kwa hiyo chakula kikiletwa, mahali pa kutoa mate, shavu hutoa jasho. Ni kama mtumishi aliyehamishwa idara bila kupewa barua: bado anafanya kazi ile ile ya zamani mahali pasipotakiwa. Haina madhara, na kwa kijana yule nasema tena ahsante.

Mwezi wa Januari 2025 nilitimiza miaka mitano tangu mionzi kwisha, na ugonjwa haujaonekana tena. Hata hivyo naendelea kwenda kukaguliwa, kwani saratani za tezi hizi huweza kurudi baada ya miaka mingi.

Sasa nisije nikawatia hofu mkaondoka hapa kila mmoja akijipapasa shingo. Si kila uvimbe ni saratani. Katika mkutano wetu wa 2022, mmoja wa wenzetu alinionyesha faraghani uvimbe wake wa shingoni uliokuwa na miezi mitatu. Alikuwa akijitibu kwa dawa za madukani. Tulikwenda pamoja hospitali wiki iliyofuata. Maabara ikasema ni kifua kikuu cha tezi, ugonjwa ulio wa kawaida sana nchini kwetu, na baada ya miezi sita ya dawa alipona kabisa. Yuko nasi humu bwaloni, na amenipa ruhusa kusema hilo bila kumtaja. Naye angepotea, si kwa saratani, bali kwa kubahatisha. Na kuna kosa la upande wa pili: mwenye saratani kupewa dawa za kifua kikuu miezi sita bila kipimo, kwa sababu tu mitoki mingi huwa hivyo. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuupa ugonjwa jina kabla ya ushahidi.

Kwa hiyo nina mambo manne tu ya kuwaachia.

Kwanza, mtu mzima mwenye uvimbe shingoni au usoni uliokaa zaidi ya wiki mbili bila dalili za mafua, jino bovu au homa, aende akapimwe. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2017 unataja muda huo huo. Asingoje uume, kwani wangu haukuuma hata siku moja. Ukiwa mgumu, umeganda mahali pamoja, unakua upesi, au uso umeanza kulegea upande mmoja, asingoje hata kidogo.

Pili, akiambiwa ni kifuko cha maji, aulize: "Mmejuaje?" Mwongozo huo huo unasema uvimbe wenye maji usidhaniwe kuwa salama, bali uchunguzi uendelee mpaka jina lake lipatikane. Ukivutwa ukajaa tena, hilo ni swali jipya. Swali hilo si utovu wa adabu kwa daktari. Daktari mzuri hulipenda.

Tatu, nyama yoyote inayotolewa mwilini mwako ipelekwe maabara, na jibu lake ulichukue kwa mkono wako, ulisome mpaka nukta ya mwisho. Usipoielewa nusu ya pili ya sentensi, usiondoke mpaka umeelezwa.

Nne, msitafute mchawi. Jambo linalojulikana kwa hakika kuongeza hatari ya saratani hii ni mionzi mikali: ilionekana zaidi kwa watu walionusurika na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945. Kwa wengi wetu chanzo hakionekani. Kutoonekana kwa chanzo si ushahidi dhidi ya jirani.

Wadogo zangu, wengine wenu mtakuwa madaktari, wengine wataalamu wa maabara, na wengine, kama mimi, makarani wa Serikali kwa jina kubwa zaidi. Siku moja mtakuwa upande wa pili wa meza, na droo itakuwa yenu. Nawaombeni jambo moja. Jibu la mtu lisikae droo kwa sababu tu mwenyewe hakuja. Piga simu. Huenda yuko kazini, amefurahi, anadhani ni maji.

Nami tangu nilipopona nimeweka tarehe ya kufuatilia kwa kila jambo langu la afya, katika shajara ile ile ya ofisi. Bunda lile la bahasha ninalikumbuka bado. Nilipochukua ya kwangu, karani aliyafunga yaliyobaki kwa mpira ule ule, akayarudisha droo.